Shaba mbovu ya mwaka 1750 KK

Mimi ni mtu wa hesabu. Hili somo la historia nimelichukua kwa sababu ni la lazima, basi. Tangu wiki ya kwanza makazi yangu ni viti vya nyuma.

Leo mwalimu akatuonyesha picha ya kibao cha udongo kilichochimbuliwa Uru, Iraki. Kidogo tu, chaenea kiganjani, kimejaa alama kama nyayo za kuku.

"Mnadhani ni nini? Sala? Sheria ya mfalme?"

Kumbe ni malalamiko ya mteja! 😂

Nanni anamfokea mfanyabiashara Ea-nasir: umeniuzia shaba mbovu, na mjumbe wangu umemdharau. Mnamo 1750 KK!

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikabaki nimezikodolea macho zile alama. Mtu alikasirika, akachukua udongo mbichi, akaugandamiza neno kwa neno. Takriban miaka 3,800 baadaye, hasira bado haijapoa. (Kibao chenyewe kipo British Museum, London.)

Jioni hii nimefungua kitabu bila kununa. Mniangalie vizuri, huenda ni homa.

Na nyie, somo gani mlilazimishwa likawanasa? Tiririkeni hapa chini 👇