Saini 400 za jioni moja

Tulipoanza kukusanya saini za wananchi ili swali letu lipelekwe kwenye kura, mkongwe mmoja wa siasa alinishauri hivi: "Kijana, wananchi ukishawaelimisha, saini zitakuja zenyewe." Tukaelimisha. Tulisimama na spika tukieleza demokrasia ya moja kwa moja, yaani wananchi kuamua mambo wenyewe kwa kura, na jinsi Uswisi saini 100,000 zilizokusanywa ndani ya miezi 18 zinavyotosha kulipeleka pendekezo la kubadili katiba kwenye kura. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Siku nzima tuliambulia saini kumi na moja, mbili zikiwa zetu wenyewe.

Hotuba nikaitupa, nikahamia kwenye foleni. Aliye kwenye foleni hana pa kukimbilia. Swali langu likawa moja tu: "Unataka uulizwe au uamuliwe?" Na karatasi tupu usimpe mtu, hakuna anayependa kuwa wa kwanza.

Wapinzani ndio walikuwa watamu zaidi. Baba mmoja alinifokea kwamba wananchi wakipewa rungu hilo watapiga kura kwa hasira. Nikamwambia, "Mzee wangu, saini si kura. Saini inalileta swali tu, wewe ukalikatae huko mbele." Akanikodolea macho akitafuta mtego, kisha akasaini kwa mwandiko msafi kuliko wote wa siku ile.

Sasa aibu yangu. Kijana wetu mmoja mchapakazi aliniletea saini 400 za jioni moja. Nikamkumbatia, nikamsifu mbele ya wenzake, nikawauliza wengine wanangoja nini. Usiku nikazipitia chini ya taa: kila "g" ilikuwa na mkia uleule, kuanzia bibi kizee hadi wajukuu zake. Kumbe alipita nyumba kwa nyumba, na palipokuwa na waliolala au waliosafiri, aliyefungua mlango aliwasainia wote. Kwingine, nadhani, hata mlango haukufunguliwa. Zote nikazifuta kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, nikijitukana.

Wenzangu walitaka tuziache, eti nani atachunguza mikia ya herufi. Nikawakumbusha yaliyowapata Okoa Kenya, kampeni ya saini za kubadili katiba ya Kenya, mwaka 2016. Katiba yao inadai saini za wapigakura milioni moja. Waliwasilisha zaidi ya hapo, tume ya uchaguzi ikazikubali 891,598, safari ikaishia mezani. Mwaka 2019 Punguza Mizigo, kampeni nyingine ya hukohuko, walivuka hiyo milioni, wakaja kukwama kwenye mabunge ya kaunti. Lakini kukataliwa na madiwani ni siasa. Kukataliwa na mwandiko wako mwenyewe ni uzembe.

Dawa nikaiiba Uswisi tena: kule karatasi moja ya saini hujazwa na wakazi wa manispaa moja tu, ili ukaguzi uwe mwepesi. Sisi tukaigawa kwa kata. Mama mmoja aliyestaafu ukarani akawa anakaa na orodha ya wapigakura kila jioni, rula mkononi, akifuta waliojirudia. Tulimwita Hakimu. Alimfuta hata mke wangu, aliyekuwa amesaini mara mbili kwa kunihurumia. Tangu hapo nikawa nahesabu zile zilizopita kwa Hakimu pekee, na tukaendelea kukusanya hadi tukawa na ziada ya kama robo.

Gharama sikuziandika. Ni uchapishaji, nauli, na kalamu. Kalamu zinaibwa kuliko unavyodhani, zifungeni kwa uzi.

Tulipowasilisha, zilikataliwa chache mno, na yule mkongwe akanipigia simu kusema unaona sasa, elimu imezaa matunda. Sikumjibu. Siku ya kura nilikutana na yule baba wa foleni akitoka kituoni, akaninyooshea kidole chenye wino. "Nimelikataa," akasema, "kama tulivyokubaliana."