Sarafu ya Henry ambaye siyo Henry

Jamani nimeipata! Sarafu ya fedha ya miaka 800 hivi, nimeinunua kwenye maonyesho ya sarafu huku Uingereza, mzee aliyeniuzia kaiweka kwenye kabahasha kadogo kaandika tu "Colchester 1969". Mke wangu kaiangalia akauliza hiki kifungo cha shati lipi.

Sasa hiyo Colchester ni mji huku Uingereza, mwaka 1969 lilichimbuliwa kopo la madini ya risasi pale High Street, ndani sarafu za fedha zaidi ya 14,000, na mtaa huohuo mwaka 1902 lilishapatikana jingine la zaidi ya 10,000. Mtu kafukia hela zote hizo halafu hakurudi, mimi hilo linanikosesha usingizi.

Mbele imeandikwa HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry, ila kwa aina yake hii ilipigwa kama 1205 mpaka 1207 na wakati huo mfalme ni John! Henry wa Pili ndo alianzisha muundo huu 1180, akafa 1189, akaja Richard, akaja John, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Ukigeuza nyuma unakuta WILLELM ON LVNDE, William wa London, huyo ndo aliyekuwa na dhamana ya kuipiga, na jina lake liko pale ili fedha ikionekana mbovu wajue wa kumkamata. Na hawakuwa na utani, Krismasi ya 1124, kwa amri ya Mfalme Henry wa Kwanza, wapiga sarafu waliitwa mjini Winchester wakakatwa mikono ya kulia.

Huko nyuma pia kuna msalaba, nao ulikuwa na kazi, ukitaka nusu au robo unakata na mkasi kufuata mistari, basi. Makonda wetu wa "sina chenji, subiri mbele" wangekosa kisingizio kabisa.

Kupiga kwenyewe ni nyundo tu, muhuri wa chini umekitwa kwenye gogo, kipande cha fedha juu yake, muhuri wa juu umeshikwa kwa mkono, pah! Ndo maana hakuna mbili zinazofanana. Yangu ilipigwa mara mbili mkono ukateleza kidogo, kwahiyo Henry ana macho matatu, na herufi ya mwisho ya LVNDE imeishia nje.