Ambrogio Spinola, jemedari aliyelipia vita vya mfalme

Ambrogio Spinola alizaliwa Genoa mwaka 1569, katika ukoo wa kikabaila uliotajirika kwa biashara na kwa kuwakopesha wafalme fedha. Alipofikia umri wa miaka thelathini alikuwa na mke, watoto, majumba na uhasama wa kurithi na ukoo wa Doria juu ya nani atangulie mjini, lakini hakuwa amewahi kuongoza vita vya maana. Mwaka 1602, yeye na mdogo wake Federico walikuwa tayari wameingia mkataba na taji la Hispania: Federico aendeshe merikebu za makasia dhidi ya Waholanzi, naye Ambrogio aandikishe maelfu ya askari kwa gharama yake na kuwaongoza hadi Flanders, katika Ubelgiji ya leo, ambako Hispania ilikuwa ikipigana na Waholanzi walioiasi. Mwaka uliofuata Federico aliuawa baharini karibu na Sluis.

Kazi yangu hapa Kisumu ni uhasibu, na nakiri kwamba kilichonivuta kwa mtu huyu ni daftari lake la hesabu kuliko upanga wake.

Jeshi la Hispania huko Flanders lilikuwa na ugonjwa mmoja mkuu, nao ni mishahara isiyofika. Kuanzia mwaka 1572 hadi wakati wa Spinola, askari wake waliasi zaidi ya mara arobaini, na maasi hayo hayakuwa fujo tu. Kikosi kilichochoka kudai kiliwafukuza maofisa wake, kikamchagua kiongozi kwa kura, kikauteka mji mdogo na kukaa humo kikitoza vijiji jirani ushuru mpaka malimbikizo yalipwe. Kwa mtawala aliyekabiliwa na hali hiyo, kabaila mwenye fedha taslimu na jina linaloaminika sokoni alifaa kuliko shujaa asiye na kitu.

Ndiyo sababu mwishoni mwa mwaka 1603 Albert, aliyetawala Flanders na majimbo jirani yaliyobaki upande wa Hispania pamoja na mkewe Isabella, alimkabidhi Spinola kazi ya kuuteka mji wa Ostend uliokuwa mikononi mwa Waholanzi, ingawa makamanda wazee walinung'unika kuwekwa chini ya mwanafunzi. Mji huo ulikuwa umezingirwa tangu Julai 1601 bila mafanikio, kwa kuwa upande wa bahari ulibaki wazi na meli za Waholanzi ziliingiza chakula, baruti na askari wapya. Kuushinda kwa njaa hakukuwezekana. Spinola aliwalipa watu wake kwa wakati, akasogeza mahandaki kidogo kidogo, akazichukua ngome za nje moja baada ya nyingine huku walinzi wakijenga kuta mpya nyuma ya zile zilizobomoka, hata mnamo tarehe 20 Septemba 1604 mji ukasalimu amri. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa kwa ajili ya vifusi. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Maurice wa Nassau, jemedari wa Waholanzi, alikuwa ameutwaa mji wa Sluis pamoja na bandari yake. Kama ningeombwa kuikagua hesabu hiyo, ningeiandika upande wa hasara.

Hata hivyo, sifa zilimwendea Spinola, na pamoja na sifa zilikuja ankara. Wenye benki hawakuwa tayari kumkopesha Mfalme Felipe wa Tatu wa Hispania mpaka Spinola aweke mali ya nyumba yake kuwa dhamana. Msomaji yeyote wa hapa Kisumu aliyewahi kupeleka unga, saruji au viti katika ofisi ya umma, kisha akasubiri malipo huku riba ya benki ikipanda kila mwezi, ataelewa hali hiyo pasipo kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba Spinola alikuwa mzabuni, mdhamini na kamanda kwa pamoja. Aliuvuka mto Rhine, akateka Lingen mwaka 1605, kisha Groenlo na Rheinberg mwaka 1606, lakini mwishoni mwa msimu huo askari wasiolipwa wakaasi tena, na mwaka 1607 taji likatangaza kwamba haliwezi kulipa wadai wake. Wengi humsifu kwa ushindi; mimi namsifu zaidi kwa kuona, akiwa katikati ya ushindi, kwamba vita havilipiki. Mwanzoni mwa mwaka 1608 alikwenda mwenyewe The Hague, makao ya serikali ya adui, kujadiliana, na Aprili 1609 mapatano ya kusitisha vita kwa miaka 12 yakatiwa sahihi.

Vita viliporudi aliteka Breda, baada ya mzingiro ulioanza Agosti 1624 na kumalizika Juni 1625. Justinus wa Nassau, kamanda wa Waholanzi mjini humo, na askari wake waliruhusiwa kuondoka wakiwa na silaha na bendera zao. Miaka kumi hivi baadaye Velázquez aliuchora mkutano huo: Spinola ameshuka kwenye farasi na kuweka mkono begani mwa aliyeshindwa, ambaye anainama akimtolea ufunguo. Mchoraji alimfahamu, kwa maana mwaka 1629 walisafiri pamoja kwa meli kwenda Italia.

Safari hiyo ilifuata ugomvi. Spinola alikuwa Madrid tangu mwaka 1628 akihimiza amani, na alikataa kurudi Flanders bila fedha, jambo lililomchosha waziri mkuu Olivares. Walimtuma Milan badala yake, akauzingira mji wa Casale, na akiwa mgonjwa na mwenye uchungu juu ya mamlaka aliyopunguziwa, akafariki Castelnuovo Scrivia tarehe 25 Septemba 1630 kabla ya kuupata mji huo. Mkwe wake, Leganés, aliurudia mji huohuo mwaka 1640 na akafukuzwa na Wafaransa.