Mkono na Finjani Mtaani Biashara

Matatu ya Malindi ilitushusha Buxton, Mombasa, jua likiwa la utosi. Safari yenyewe haina la kusimulia ila foleni ya Mtwapa, na hiyo kila apitaye njia ile anaijua. Mkobani nilikuwa na mchoro wa rafiki yangu: mkono umeshika finjani, dele la kahawa pembeni. Twataka kuuchapa kwenye mifuko ya kitambaa tuiuze.

Nikatembea hadi Mtaa wa Biashara, kwenye duka la Mali ya Abdulla, jina lililo katika biashara ya leso tangu 1887. Nikapekua leso za korosho na mananasi. Mkono sikuuona hata mmoja.

Sababu nilipewa na fundi wa kuchapa tisheti, mzee mwenye chumba chake uchochoroni. Alitazama mchoro, akacheka.

“Dele halina taabu, hata mtoto hulijua kwa umbo. Lakini vidole hivi vimebanana, mwanangu. Wino utavishikanisha, utoke mguu wa bata.”

Akachukua kalamu nyeusi, akaupitisha mchoro upya kwenye karatasi ya plastiki, akiacha nafasi kati ya kidole na kidole. Kucha akazifuta zote. Wavu wa fremu alikuwa ameshaupaka dawa gizani, na kwa unyevu wa Mombasa hiyo hukauka kwa kudura. Akaulaza mchoro juu yake, akawasha taa kali. Palipopigwa na mwanga dawa huganda. Chini ya wino mweusi hubaki laini, ikaoshwa kwa maji, mkono ukajitokeza wazi kwenye wavu.

Andy Warhol wa Marekani alichapa mikebe ya supu kwa njia hiihii, seti ya picha 10 mwaka 1968. Mikebe, si vidole! Sasa namwelewa.

Mzee akamwaga wino wa kahawia, akauvuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira, mvuto mmoja tu, bila kusita. Ukisita, joto hili hukausha wino ndani ya wavu. Dele na finjani vilihitaji fremu yao, rangi yao. Mifuko mingine finjani ilipishana na vidole kwa unyoya. Mimi hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi.

Bei tulivutana kidogo, akapunguza.

“Usiifue leo wala kesho,” akaniambia. “Na pasi piga upande wa ndani.”