Kifungu cha tatu

Ijumaa, saa nne usiku. Tanga.

Kompyuta ya nne imekubali mfumo mpya. Zimebaki nane. Niko kibandani, mlango nimeufunga nusu ili upepo wa baharini upite, na mbele yangu kile kimstari kinajaa polepole: asilimia 58, 59, kinakwama, halafu kinaruka hadi 63. Mikwamo yake yote naijua. Huu ni wa kawaida, inafungua vifurushi vya programu. Kwenye mashine ya tatu kilikwama kweli, ramu moja, kile kibao cha kumbukumbu, ilikuwa imelegea, nikaichomoa, nikaifuta meno kwa kifutio cha penseli, nikairudisha.

Kompyuta hizi ni za shule moja ya msingi nje ya mji. Walipewa msaada miaka mingi iliyopita, zikafanya kazi muhula mmoja au miwili, kisha zikaishia stoo pamoja na majembe na madawati mabovu. Mwalimu mkuu amezileta mwenyewe kwa bajaji, mafungu matatu, kila fungu akilisindikiza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hizi utazipiga Windows?"

Nikamweleza kwamba Windows za sasa haziingii kwenye mashine za umri huu, na ile ya zamani iliyochakachuliwa, inayozunguka mji mzima kwa flashi, sitaki kuwawekea watoto. Nitaweka Debian, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta.

"Bei gani?"

"Utanilipa ufundi tu, mwalimu. Yenyewe haiuzwi."

Akavua miwani. "Haiuzwi? Sasa hao walioitengeneza wanakula wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi maana dereva wa bajaji alikuwa anapiga honi. Jibu lilikuwa pungufu, na limenikaa rohoni mchana kutwa.

Wanakula kwenye kazi zao nyingine, mwalimu. Wako wanaofundisha vyuoni, wako walioajiriwa kwenye kampuni zinazotumia mfumo huu na kulipwa sehemu ya muda wao kuutunza, na wako wanaoufanyia kazi usiku, watoto wakishalala, kama mimi hivi. Michango inapita kwenye taasisi isiyo ya kibiashara iliyoandikishwa Marekani mwaka 1997. Debian yenyewe si kampuni. Haina hisa, kwa hiyo hakuna tajiri atakayeamka asubuhi moja akainunua na kubadili masharti. Wanachama wenye haki ya kupiga kura ni kama elfu moja duniani kote, na kila mwaka wanachagua kiongozi. Kwenye karatasi ya kura, chini ya majina ya wagombea, daima kuna mstari wa ziada: hakuna anayefaa kati ya hawa. Mstari huo unashindana na wagombea kama mgombea mwingine yeyote. Hilo nitamwambia mwalimu Jumatatu, najua litampendeza.

Ilianza tarehe 16 Agosti 1993. Ian Murdock alikuwa na miaka 20, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, akatangaza kwamba anaanza kukusanya mfumo endeshi kamili. Jina aliliunda kwa kuunganisha la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe. Kiini cha mfumo, kiitwacho Linux, kilikuwepo tangu 1991, na zana nyingi za kukizunguka zilitoka mradi mwingine uitwao GNU. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunga kwa uangalifu. Mkusanyiko uliotumika sana wakati ule, SLS, ulikuwa umejaa kasoro na hautunzwi, na Murdock alichoshwa nao. Akaandika ilani kwamba wa kwake utajengwa hadharani, na yeyote anayetaka kushika kazi atashika. Alifariki Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Toleo la 9, lililotoka baada ya hapo, walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Lakini kilichonifunga mimi na Debian ni karatasi ya tarehe 5 Julai 1997. Kiongozi wa wakati ule, Bruce Perens, aliandika rasimu, wenzake wakaijadili kwa barua pepe mwezi mzima, wakaipitisha. Wanaiita Mkataba wa Kijamii. Ni vifungu vitano tu. Debian itabaki huria, yaani yeyote aweze kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Tutakachotengeneza tutawarudishia wengine. Hatutaficha kasoro. Tunawatanguliza watumiaji na programu huria. Na cha tano kinasema nini kifanyike kwa programu zisizotimiza vigezo. Nimeuchapa na kuubandika ukutani, pale juu ya soketi. Pembe zake zimegeuka kahawia.

Kifungu cha tatu ndicho ninachorudi kukisoma. Kinaahidi kwamba daftari lote la kasoro litakuwa wazi kwa watu wote, wakati wote, na ripoti ya mtu wa kawaida itaonekana mara moja kwa wengine. Mfanyabiashara gani anakubali hilo? Wauza magari hawabandiki orodha ya ubovu kwenye kioo.

Mwaka 2008 kifungu hicho kilijaribiwa. Kompyuta zinapotaka kuzungumza kwa siri zinatengeneza funguo, na ufunguo hauna maana kama haukutengenezwa kwa bahati nasibu ya kweli. Mwaka 2006 mmoja wa watunzaji wa Debian alikuwa anashughulikia OpenSSL, programu inayotengeneza funguo hizo. Chombo cha ukaguzi kilikuwa kinapiga kelele juu ya sehemu fulani ya msimbo. Aliuliza kwanza, akaona hakuna tatizo, akaiondoa. Kelele zikaisha. Kumbe ile sehemu ndiyo iliyokuwa inachanganya karata. Kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba moja tu ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hizo haziwezi kuzidi 32,768.

Chukua mfano wa kiwanda cha makufuli. Makasha mazuri, chuma kizito, kila kufuli na ufunguo wake. Ila mashine ya kuchonga funguo ina michoro 32,768 tu, na inairudia rudia. Kwa binadamu ni mingi. Kwa kompyuta ya mwizi ni kazi ya muda mfupi kuijaribu yote. Na makufuli hayo yalikuwa yamefungwa kwenye seva za dunia nzima kwa karibu miaka miwili, za Debian na za ndugu zake waliozaliwa kutoka kwake, Ubuntu ikiwemo.

Luciano Bello, Mwargentina, mwanachama wao wenyewe, ndiye aliyegundua. Tarehe 13 Mei 2008 wakatangaza. Walitaja kasoro imeingia lini, imeingia vipi, na kwamba imetoka kwao, si kwa waandishi wa asili wa OpenSSL. Waliwaambia watu kwamba kusahihisha programu peke yake hakutoshi, kila ufunguo uliotengenezwa kipindi hicho utupwe na utengenezwe mwingine. Wakatoa na orodha za funguo mbovu ili kila mtu akague zake. Ilikuwa aibu kubwa, na waliibeba mbele ya watu. Nilikuwa chuoni wakati ule. Nakumbuka mwenzetu mmoja alisema, "Hawa wamekwisha." Hawakwisha.

Sasa niandike lile ambalo nimekuwa nalizunguka.

Mwaka 2016 mama mmoja aliniletea laptopu pamoja na diski yake ya nje. Laptopu ilihitaji kupigwa upya. Diski ile ilikuwa na picha za marehemu baba yake, zilizoskaniwa moja moja kutoka albamu ambayo baadaye iliharibiwa na maji. Aliniachia ili nimrudishie mafaili kazi ikiisha. Niliiacha imechomekwa. Ilipofika hatua ya kuchagua diski ya kufuta, palikuwa na mistari miwili kwenye kioo, sda, diski ya laptopu, na sdb, ile ya nje, na mimi nilikuwa naongea na simu. Nilichagua wa pili. Nikabonyeza ndiyo. Nilitambua baada ya sekunde chache, nikachomoa waya, nikajaribu usiku kucha kuokoa. Nilipata mafaili yasiyofunguka.

Asubuhi nilimwambia, "Mama, diski ilikuwa imeshakufa." Akasikitika, akanilipa shilingi elfu kumi na tano, akanishukuru kwa kuhangaika.

Nilikaa na jambo hilo miaka mitatu, chini ya karatasi ile ile ukutani. Kila mteja akiinua macho na kuuliza pale pameandikwa nini nilikuwa namtafsiria vifungu vyote vitano, na nilipofika cha tatu sauti yangu ilikuwa inapungua. Mwaka 2019 nilimfuata nyumbani kwake, barabara ya kumi na tano. Nilimwambia kila kitu, hadi simu niliyokuwa naongea nayo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nirudishie pesa yangu ya ufundi." Nikamrudishia. Hakuja tena kibandani, na akipita upande huu anapita ng'ambo ya barabara. Ana haki. Kukiri kwangu hakukumrudishia uso wa baba yake.

Tangu siku hiyo nina daftari kubwa la kaunta, juu ya meza, halina kufuli. Kila ninachokiharibu kinaandikwa humo, na mteja yeyote anaruhusiwa kulifungua na kusoma hata ya wengine, maana majina siandiki, ni namba za kazi tu.

Asilimia 91.

Kifungu cha nne nacho kina uzito wake, kwa sababu kinataja mabwana wawili: watumiaji, na programu huria. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wamekalishwa humo tangu 1997. Walipigana kweli kweli kwenye suala la waifai. Kadi nyingi za waifai haziamki bila kiprogramu kidogo cha kiwandani, na viwanda hukitoa kikiwa kimefungwa: utumie, usikisome, usikirekebishe. Kwa miaka mingi Debian ilikataa kukiweka ndani ya diski yake rasmi. Kukipata kulihitaji intaneti, na intaneti ilihitaji kiprogramu hicho hicho. Nilikuwa upande wa wakataaji, kwa moyo wote, hadi siku muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini aliponirudishia laptopu kwa basi, saa nne za vumbi, kwa sababu niliisahau hatua hiyo moja na yeye hakuwa na namna. Oktoba 2022 wanachama wakapiga kura, wakabadili kifungu cha tano na kuruhusu viprogramu hivyo viingie. Toleo la 12, Juni 2023, ndilo la kwanza kutoka hivyo. Wako wanaosema siku ile msimamo uliuzwa. Mimi naona uliulizwa, hadharani, kwa kura, na hakuna aliyelipwa kujibu. Na mfumo unakuambia wazi ni viprogramu gani ulivyowekewa ambavyo havijafunguliwa.

Jingine aliloniuliza mwalimu, akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya bajaji: "Naweza kumpa na mwenzangu wa shule ya jirani?"

"Mpe, mwalimu. Naye ampe mwingine. Hakuna wa kumwomba ruhusa."

Watu wa Debian wana mizani moja ya kupimia leseni ambayo sisi watu wa pwani tunaielewa bila kufafanuliwa. Mchukulie mtu aliyekwama kisiwani, peke yake, ana kompyuta na sola. Je, anaweza kuitumia programu hii na kuibadilisha bila kuvunja sharti lolote? Kama leseni inamdai atume mabadiliko yake kwa mwenye programu, hawezi, basi leseni hiyo imeshindwa. Shule ya mwalimu haina intaneti. Ni kisiwa, ingawa iko nchi kavu, na watoto wa darasa la sita watakaofungua mashine hizi Jumatatu wana haki zote sawa na injinia wa Ujerumani.

Liko na la kuuma. Debian imejiita mfumo wa wote tangu zamani, lakini toleo la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, haliwekwi tena kwenye kompyuta za kawaida za biti 32, zile zenye prosesa za kizazi cha zamani. Mashine saba kati ya hizi kumi na mbili ni za biti 32. Hizo naziwekea toleo la 12, na baada ya hapo njia imefika mwisho. Nililisoma lile tangazo mara mbili. Hawakuzungusha maneno: kiini hakipo, kisakinishi hakipo, mwenye mashine hizi asijaribu kupanda toleo. Watunzaji wa kazi hiyo wamepungua, na mashine zenyewe zimepungua kwao. Huku kwetu hazijapungua, ziko stoo chini ya majembe. Nimeumia, na nimeona afadhali niumizwe na mtu aliyeniambia mapema. Mwalimu nitamwambia vivyo hivyo, hizi saba zina miaka yake michache, azitumie kwa kuandika na hesabu, na akipata msaada mwingine aulize kwanza ni za biti ngapi.

Kimstari kimejaa. Nimechomoa flashi, mashine ya tano imejiwasha upya, imeniuliza jina na neno la siri. Feni yake inalia kidogo upande wa kushoto, kosa langu. Nimefungua daftari la kaunta nikaandika kabla sijasahau:

Kazi 212, mashine ya 5. Nimevunja kishikizo kimoja cha feni wakati wa kusafisha vumbi. Nimekifunga kwa uzi wa nailoni. Inafanya kazi. Isibebwe ikiwa imelala ubavu.