Viraka vyangu na bati za jirani

Jana nimepita kwa fundi wangu Kariakoo kuchukua vipande vya vitenge, ananijua, huwa ananiwekea kwenye kiroba badala ya kutupa. Mi sichori wala sipimi, nakata kwa macho tu, naunga kipande na kipande kwenye cherehani halafu nabandika ukutani nakaa mbali naangalia, kikigoma nafumua. Wazo la jana limetoka kwenye bati za kibanda cha jirani, kutu, bluu, kutu, nikaunga hivohivo, mistari imepinda na siinyooshi ng'o! Wale kina mama wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walishona blanketi za viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa, na 2002 zikawekwa makumbusho Houston. Mume wangu bado anauliza hilo tambara la nini.