Siku yangu Lamu, nikifuata vidoa ndani ya niuroni

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, mtaa wa Langoni bado umelala, na intaneti saa hizi haina wagombeaji. Nashusha video za usiku. Maabara ninayofanyia kazi iko ng'ambo. Wao wanakuza niuroni, yaani seli za neva, za hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya na kuzipiga picha kwa mikroskopu, mimi nachambua kutoka nyumbani.

Saa 1. Chai, mahamri, mbaazi.

Saa 2 asubuhi. Nafungua video ya kwanza. Kwenye giza kuna vidoa vya kijani vinavyotambaa, kila kimoja na mkia unaofifia nyuma. Hiyo ni protini inayoitwa EB3, iliyounganishwa na protini nyingine inayong'aa. EB3 hukaa kwenye ncha ya mikrotubuli pale tu inaporefuka. Mikrotubuli yenyewe siioni. Ni mrija wa takriban nanomita 25 kwa upana, umejengwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini vilivyopangwa safu, kwa kawaida safu 13. Ncha yake moja, inayoitwa chanya, ndiyo yenye haraka ya kukua. Ikiacha kukua, EB3 inaondoka na kidoa kinazimika, kwa hiyo kuporomoka kwa mrija hakuonekani kwenye video zangu. Na kuporomoka kupo kwingi: watafiti Mitchison na Kirschner walionyesha mwaka 1984 kwamba mirija hii hurefuka, kisha ghafla hufupika, hata ikiwa jirani na mingine inayoendelea kurefuka.

Saa 4. Kazi halisi ndiyo hii. Nachora mstari juu ya aksoni, ule mkono mrefu wa niuroni unaopeleka ishara nje, programu inanitolea mchoro uitwao kaimografu: umbali umelala, muda unashuka chini. Kila kidoa kinageuka kuwa mstari wa mshazari. Ukilala zaidi, kasi ni kubwa. Kwa kawaida ni sehemu moja au mbili za kumi za mikromita (mikromita ni elfu moja ya milimita) kwa sekunde. Kwenye aksoni mistari yote inainamia upande mmoja, kutoka kwenye mwili wa seli kwenda nje. Sichoki kuutazama unadhifu huu, na ndio uhai wa aksoni. Protini zinazotembea juu ya mirija ndizo wachukuzi: kinesini inabeba mizigo kuelekea ncha chanya, daineini inairudisha. Mirija ikigeuka ovyo, mizigo ya kwenda kidoleni itapotea njiani, na aksoni ya mtu mzima kutoka uti wa mgongo hadi mguuni inafika mita moja.

Saa 7. Stima imekatika. Adhuhuri, wali, usingizi kidogo.

Saa 10 jioni, uwanja wa Mkunguni. Ami yangu, aliyeuza boriti maisha yake yote, ananinunulia kahawa.

"Hiyo mirija yenu," ananiuliza, "ina shina na ncha kama boriti?"

"Ndiyo, ami. Na mwelekeo ndio kila kitu."

"Nani anaipanga, basi?"

Hapo ndipo penye utamu. Seli nyingi za wanyama zina sentrosomu, kituo kidogo ndani ya seli ambako mirija mingi huanzia. Niuroni inapokomaa, sentrosomu yake inapoteza kazi hiyo, na mirija mipya inaanzia kwingine kote ndani ya seli. Kazi hiyo inafanywa na protini. Gama-tubulini huanzisha mrija. Augmini huiwezesha kuanzisha mrija mpya ubavuni mwa mrija wa zamani, ukielekea kulekule. Katanini hukata ile mirefu, na vipande navyo vinaweza kuendelea kukua.

"Kwa hiyo wa zamani ndio wanaomwonyesha mgeni njia," akasema, akaagiza kahawa nyingine.

Saa 2 usiku. Mkutano kwa video. Ubishi ni wa dendraiti, yale matawi ya niuroni yanayopokea ishara. Karibu na mwili wa seli mistari yangu inagongana, mingine inakwenda nje, mingine inarudi. Karibu na ncha za dendraiti takriban yote inakwenda nje. Mwenzangu anataka wastani mmoja kwa dendraiti nzima. Nakataa, kwa sababu wastani huo unafuta tofauti yenyewe. Tena vidoa vinahesabu mirija inayokua tu. Ile iliyotulia, ambayo ndiyo mingi kwenye niuroni iliyokomaa, haimo. Mkuu wa maabara anakubali tugawe kila dendraiti sehemu tatu. Maana yake faili zote za wiki hii zinarudi kwangu, nazo zitaanza kushuka saa 11.